Kikombe Kimoja cha Ngano

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nilipobeba keki kutoka Ngarenaro, mjini, kuipeleka Oldonyo Sambu kwa mdogo wangu Aikande. Laiti ningeiangusha njiani.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka yaliyokuwa matupu yalijaa unga wa ngano, siagi ya mkebe na rangi za keki za kila aina, nami nikaanza kuoka keki za harusi na kipaimara. Nilikuwa kijana, nikasifiwa, sifa zikanipanda kichwani. Mtaani waliniita Mama Keki.

Aikande alikuwa ameolewa kule Oldonyo Sambu, nyuma ya mlima, kwa watu wa kilimo na mifugo. Binti yake, Nanyori, aliugua tumbo tangu alipoanza kula, akawa anakonda huku tumbo limevimba, mpaka daktari mmoja akagundua kwamba mwili wake haupatani na ngano. Asile mkate, chapati wala andazi, hata kidogo. Alipokaribia kutimiza miaka mitano, mama yake alinijia.

"Dada, huyu hajawahi kuonja keki. Kwenye sherehe za wenzake anakaa anawaangalia tu. Nitengenezee ya unga wa mchele, ila ngano isiiguse kabisa."

"Niachie mimi," nikamwambia.

Ya kwanza ilimeguka nilipoigeuza. Ya pili ikapasuka katikati, ngumu. Si kwamba haiwezekani, mwanangu, leo naijua. Mchele unausaga laini, unachekecha mara tatu, mayai unayapiga mpaka yaumuke, unaongeza ndizi mbivu iliyopondwa ili ishikane, hiliki kidogo, kisha mkaa mchache chini ya sufuria na mwingine juu ya mfuniko. Unaiacha ipoe kabisa ndipo unaigeuza. Inakuwa laini, tamu, hata asiyeumwa ataomba kipande kingine. Lakini siku ile sikuwa na subira ya kujaribu tena kwa mchele mtupu. Niliwaza wageni watasema Mama Keki kaleta makombo. Nikachota kikombe kimoja cha ngano, nikachanganya na ule wa mchele, nikaoka. Nikajiambia, kikombe kimoja kitamfanya nini mtoto?

Keki ilipendeza kweli. Kwenye sherehe Nanyori alikula vipande viwili, akanikumbatia na mikono yake imejaa sukari. "Mama mkubwa, hii yote ni yangu?"

Kabla jua halijazama alikuwa anatapika na kuharisha. Tukamkimbiza zahanati, akatundikiwa dripu. Daktari akauliza mtoto kala nini.

"Keki ya mchele tu," Aikande akajibu. "Kaioka dada yangu huyu hapa."

Wote wawili wakanitazama. Nikasema, "Ndiyo, ya mchele."

Nilirudi mjini. Aikande, kwa kuniamini, akaona kumbe mchele nao unamdhuru mwanawe. Akamkataza wali, chakula alichokipenda kuliko vyote. Mtoto akawa anadonoa ugali na kuuacha.

Wiki tatu baadaye walikuja kunitembelea. Niliandaa wali, sikujua amekatazwa. Nanyori alikuwa amebaki macho tu. Akaisogeza sahani mbali naye, taratibu, akaniuliza, "Mama mkubwa, kwani wali nao umenikataa?"

Nikamwita mama yake uani, nikamweleza yote. Hakupiga kelele. Ningefurahi angepiga.

"Wiki tatu analilia wali, mimi namnyang'anya," alisema. "Ungeniambia palepale zahanati, dada. Ile keki ningekusamehe."

Akamchukua mwanawe, wakaondoka chakula kikiwa mezani.

Tulikuja kusemezana baadaye, kwenye misiba na harusi, kwa adabu. Aikande tumemzika mwaka juzi, na mpaka anafariki hakula tena chakula cha mkono wangu. Nanyori sasa ni mama wa watoto wawili. Akipita mjini hunisalimia, "Shikamoo, mama mkubwa," anaketi, tunaongea vizuri. Ila anakuja na chakula chake, kwenye bakuli lenye mfuniko. Nimemwokea keki ya mchele safi mara nyingi, kwa vyombo ambavyo havijawahi kuguswa na ngano. Anashukuru, anasema ameshiba. Simlaumu.

Sasa wewe umeniambia unataka kuoka keki za watoto. Sikia basi. Mama akikuambia mwanawe hali kitu fulani, usimwone anadekeza, wala usijaribu kidogo uone. Ukishindwa, mwambie umeshindwa. Ile keki iliyomeguka Nanyori angeila kwa kijiko na kufurahi, mimi ndiye niliyeionea aibu. Na ukikosea, useme siku hiyohiyo, ungali mbele yao, hata kama ulimi unakuwa mzito. Wangu ulikuwa mzito kwa wiki tatu, na mtoto ndiye aliyelala njaa.

Mungu akujalie mikono safi, mwanangu, na ulimi mwepesi wa kukiri. Akupe watoto wengi watakaokula mkononi mwako bila kuuliza umeweka nini.