Binti Yangu Anaomba Dawa Ninayoogopa Kumtumia

Admin, ficha jina langu, maana wakwe zangu wanasoma hapa. Mimi ni mzee wa miaka sitini na nane, mwalimu mstaafu wa biolojia, naishi Kasongo. Binti yangu ameolewa Wamaza. Alipojifungua mtoto wa pili alishikwa na huzuni nzito, akaacha kula, akaacha kusema. Hospitali ikampa amitriptilini ya kumeza kila jioni, na polepole akaanza tena kucheka.

Mume wake anachimba dhahabu Salamabila. Mke alipolalamikia mgongo, akamletea tramadoli, vidonge vya maumivu ambavyo wachimbaji humeza wasisikie uchovu. Niwaeleze kidogo. Kila dawa ina faida yake, lakini hizi mbili zikikutana mwilini zinaweza kuuchokoza ubongo mpaka mtu apate kifafa. Ndivyo ilivyokuwa. Alianguka shambani, akatetemeka mwili mzima, akajiuma ulimi.

Nilipofika kwa pikipiki, mama mkwe wake alikuwa amekwisha kutupa dawa ya hospitali chooni. "Ile dawa ya wazimu ndiyo ilimuangusha," alisema. Tramadoli ikabaki. Nikaanza kueleza, akanikata: "Mwalimu, hapa si darasani."

Mkwe wangu alisema kwa heshima, "Papa, sisi wote tunakunywa hii kule machimboni. Nani alianguka?"

"Ninyi hamunywi ile nyingine."

"Basi, na yeye hanywi tena. Shida iko wapi?"

Binti mwenyewe aliniambia pembeni, "Papa, na ile ya hospitali nilikuwa nasinzia mchana kutwa. Na hii ninalima, mama mkwe ananiita mutoto wake. Uniache."

Nikamwacha. Sasa huzuni imerudi. Amenipigia simu kwa siri, anataka nimtumie ile amitriptilini, mume na mama mkwe wasijue. Tramadoli hawezi kuiacha. Akiikosa anatoka jasho na kutetemeka. Muuguzi niliyemuuliza hapa anasema nimlete Kasongo, daktari ampunguzie taratibu. Lakini kwetu, baba akimchukua binti bila ruhusa ya mume amevunja ndoa, na watoto wanabaki kule. Ruhusa nimeomba, wamekataa.

Nikituma, zitakutana tena. Nisipotuma, nimesikia sauti yake, naogopa atajidhuru. Asubuhi hii ameandika: "Papa, dawa iko njiani?"

Ndugu zangu, nimjibu nini?