Kijana wa Miezi Minane

Nitawasimulia, lakini mcheke kwa zamu, maana mimi mwenyewe, mwalimu mstaafu mwenye wajukuu, nikikumbuka siku nilipotolewa mbele ya Darasa la Nne nikaenda kubonyezwa kifua kama ng'ombe kwa sababu ya mbwa, masikio yananiwaka moto mpaka leo. Na siyo aibu peke yake. Hasira ndiyo iliyokuwa kubwa, kwa sababu ukiniuliza kosa langu lilikuwa nini nitakwambia nilikuwa na adabu mno, basi, hilo tu, na sijawahi kusikia mtu mwingine aliyeadhirika kwa kuwa na adabu.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, watu wamehamishwa juzi tu kutoka kwenye maboma yao, nyumba nyingine hata hazijaezekwa, na mimi nimetoka kwetu Kondoa na cheti changu kipya cha ualimu nikapangiwa shule ya msingi huko Hanang, upande wa Masakta. Msichana, sijaolewa, Mwislamu, nimepewa nusu nyumba pamoja na mwalimu mwenzangu (ukuta wa katikati ulikuwa magunia, nikipiga chafya yeye ananiambia pole bila kuinuka kitandani). Asubuhi nilifundisha watoto, alasiri nikawafundisha wazazi wao kusoma na kuandika, na nilikuwa najivunia kazi yangu kuliko ilivyofaa.

Basi Jumatatu moja nilikwenda Katesh kuchukua chaki, na wakati wa kurudi nikafuatwa na mbwa. Mbwa mdogo mdogo, rangi ya vumbi, sikio moja limesimama na jingine limelala, miguu mirefu ambayo ilionekana bado hajaizoea. Sikumwita, wala sikumpa kitu. Nilimtupia jiwe ili aondoke, akalikimbilia, akaliokota, akaniletea. Nikatupa la pili kwa hasira, nalo akaleta. Tulikwenda hivyo kilomita kadhaa, mimi nafukuza na yeye anadhani tunacheza, mpaka tukafika kwenye josho la ng'ombe, na hapo ndipo tulipomkuta Bwana Mifugo.

Bwana Mifugo alikuwa mtu wa Bukoba, mpole, lakini kwenye mambo ya amri alikuwa kama rula. Na mwezi ule kulikuwa na amri kwa ajili ya kichaa cha mbwa: mbwa asiye na mwenyewe anakamatwa, anafungiwa zizini pale josho, na ikifika Jumamosi bila mtu mwenye boma lake kuandikwa daftarini kuwa ndiye mwenyewe, anapigwa risasi. Alimwangalia yule mbwa, akamfungua mdomo akahesabu meno, akasema ana miezi minane hivi, halafu akaniuliza, "Ni wako, Mwalimu?"

Nikasema, "Si wangu." Nilisema haraka, kwa kuogopa (baba yangu angesikia nalaza mbwa chumbani ninakotandika mswala, angekuja kutoka Kondoa kwa miguu). Bwana Mifugo akamtia zizini. Yule mbwa akaniangalia katikati ya fito huku anatikisa mkia, bado anadhani ni mchezo, nikaondoka na chaki zangu. Sikulala vizuri. Kesho yake nikarudi kusema haya, niandike mimi, akanijibu, "Mwalimu, wewe huna boma, una nusu nyumba ya serikali. Amri inasema boma." Nikamwachia yule mbwa makombo ya ugali, nikamfunga na kamba ya katani kwa sababu alikwisharuka zizi mara mbili na kutafuna kiatu cha Bwana Mifugo, nikaamua nitamtafutia mtu mwenye boma kabla ya Jumamosi, potelea mbali.

Sasa sikilizeni uamuzi ulioniponza. Alhamisi kulikuwa na mkutano wa kijiji. Nikasema nitamwandikia barua Mwenyekiti, Mzee Gwandu, aisome mbele ya watu. Nikaandika vizuri kabisa, "Ninaye mbwa," halafu nikasimama. Barua ya mtu mzima hiyo. Itasomwa mbele ya wazee, mbele ya mama zangu, na mimi ndiye niliyekuwa nawachapa watoto shuleni kwa kuitana mbwa. Kwetu huwezi kulitaja neno hilo mbele ya mkubwa bila kuomba radhi kwanza, na barua nzima ya kuomba radhi niliona ni kupoteza karatasi. Nikakata lile neno, nikaandika upya kwenye karatasi safi, kwa mwandiko wa ubaoni:

"Ndugu Mwenyekiti, ninaye kijana wa kiume mwenye umri wa miezi minane. Baba yake hajulikani. Ni mzima, ana nguvu nyingi, anakula chochote. Kwa ajili ya kazi yangu na dini yangu siwezi kukaa naye. Naomba mwanakijiji mwenye moyo wa ujamaa amchukue kabla ya Jumamosi, la sivyo atauawa, nami sitaki damu yake iwe juu yangu."

Ndiyo, chekeni. Mimi niliisoma mara tatu nikaiona nzuri.

Mkutanoni sikuwepo, nilikuwa josho napeleka mfupa. Ningekuwepo ningeona sura za watu, yangeishia hapo hapo. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba Mzee Gwandu aliisoma mwenyewe, kwa kidole, herufi kwa herufi, kwa sababu alikuwa mwanafunzi wangu wa darasa la watu wazima na hiyo ilikuwa barua yake ya kwanza kusoma mbele ya watu. Alipomaliza kina mama wakalia, na mkutano ukapitisha azimio.

Ijumaa asubuhi nipo ubaoni na Darasa la Nne, nafundisha sehemu za ua, nikaona dirishani vichwa. Mzee Gwandu ameingia, nyuma yake mgambo wawili, nyuma yao Mama Paskali, mkunga wa kijiji, na kina mama kama kumi. Nikafurahi! Nikajisemea kweli watu wa hapa wana moyo, mbwa mmoja na wamekuja wote hawa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Hakunipa mkono. "Tumekuja kwa ile barua. Kijana yuko wapi?"

"Yuko josho, mzee."

"Josho? Na nani?"

"Peke yake. Lakini msiwe na wasiwasi, nimemfunga kamba."

Mama mmoja akasema Yesu wangu, akakaa chini mlangoni. Mama Paskali akasogea. "Umemfunga kamba wapi, Mwalimu?"

"Shingoni, mama. Sikukaza sana."

"Na anakula nini huko?"

"Makombo. Jana nilimpelekea mfupa."

"Mfupa! Miezi minane!"

"Meno anayo, mama," nikasema, na nilisema kwa kujivunia, Mungu anisamehe. "Juzi ametafuna kiatu cha Bwana Mifugo."

Watoto wangu wa Darasa la Nne walikuwa wameacha madaftari, hamsini na wawili, vinywa wazi. Mama Paskali akanishika mkono (mkono wa mkunga ule, hauchomoki), akanivuta hadi stoo ya majembe, na kabla sijauliza kuna nini akanibonyeza kifua, kulia na kushoto, kwa nguvu, halafu akatoa kichwa nje akawatangazia, "Maziwa hakuna! Ameyakausha!"

Hapo ndipo akili ikanirudi. Nikatoka mbio stoo na kumbukeni gauni langu halikuwa limekaa sawa, nikapiga kelele, "Mbwa! Ni mbwa! Yule ni mbwa!"

Mnadhani niliokoka? Mama Paskali alinielekezea kidole usoni. "Mtoto hana kosa, Mwalimu! Hata kama baba yake hajulikani, unamwita mbwa? Mtoto uliyemzaa mwenyewe?" Na nyuma ya darasa nikasikia sauti ndogo inasema, "Mwalimu ametukana, achapwe." Niambieni ningefanya nini. Neno nililolikwepa kwa adabu, siku nilipolihitaji kuliko siku zote, likageuka tusi.

"Twendeni josho," Mzee Gwandu akasema, na tukaenda. Mgambo kulia, mgambo kushoto, mimi katikati kama mwizi wa ng'ombe, Darasa la Nne nyuma, na njiani kila nyumba inatoa mtu. Mbele ya wote alikwenda mama mmoja mrefu, mkimya, ambaye sikuwa namjua. Alikuwa na kibuyu cha maziwa na kanga mpya begani, bado ina mikunjo ya dukani. Nikamwuliza mgambo ni nani, akasema ni Martina, ametoka Gendabi tangu jana usiku baada ya kusikia habari. Nikashangaa anaitwa jina lake tupu, maana wanawake wote wa umri ule kule ni mama wa fulani. Mgambo akasema kwa sauti ya chini, "Huyo hakubahatika."

Sikuwa na nafasi ya kulifikiria. Nilikuwa nahesabu nani kati yao nitamshitaki kwanza.

Pale josho, Bwana Mifugo alipoona umati unamjia akadhani watu wamekuja kubomoa, akakimbilia daftari lake. Mbwa yeye aliniona mimi. Aliruka mara moja kamba ikamvuta, akaruka ya pili kamba ikakatika, akaruka fito za zizi, akampitia Mzee Gwandu kifuani na mzee akakaa kwenye tope la ng'ombe, akanizunguka mara tatu, akamrukia Martina, kibuyu kikaanguka, na mbele ya kijiji kizima akaanza kulamba maziwa kwa sauti kubwa, mkia unakwenda.

Mama Paskali akasema polepole, "Huyu ndiye?"

"Huyu ndiye," nikasema. "Wa kiume. Miezi minane. Baba hajulikani."

Mlicheka ninyi sasa hivi, basi zidisheni mara mia. Watu walilala chini. Mgambo aliegemea gogo akalia machozi. Mzee Gwandu peke yake alikasirika, akasimama na tope lake akaniambia, "Mwalimu, umekifanyia kijiji mchezo. Tumeandika azimio!" Mimi! Mimi ndiye niliyekifanyia mchezo! Hakuna aliyeniomba radhi hata mmoja, Mama Paskali alinipiga begani tu akasema kifua changu ni kizima, nitanyonyesha vizuri nikiolewa.

Bwana Mifugo akagonga daftari. "Haya. Kesho Jumamosi. Nani anaandikwa?"

Hapo ndipo nilipowaona watu. Wote wale waliolia mkutanoni, wenye maboma, wenye ng'ombe wa kulindwa, wakaanza kujikung'uta na kuondoka. Mmoja ana mbwa watatu tayari, mwingine anachelewa shamba la kijiji, mwingine anasema mbwa mwenye wazimu namna hii si wa kulinda, ni wa kulindwa. Mbwa alikuwa amemaliza maziwa, amekaa, anatuangalia mmoja mmoja. Nikasema kwa nguvu, mbele yao, "Kwa hiyo mlikuja kunipima mimi maziwa, huyu hamna haja naye?" Wakazidi kuondoka.

Ndipo Martina akasema, "Niandike mimi."

Yeye hakuwa amecheka. Nilipomwangalia ndipo nilipokumbuka kwamba hakucheka hata kidogo. Alikuwa ameishika ile kanga kwa mikono miwili. Bwana Mifugo akamwuliza kama ana boma, akasema boma analo. Akaandikwa. Mgambo mmoja, kwa kutaka kusaidia, akamwambia amfunge mbwa na kanga maana kamba imekatika. Martina akaikunja ile kanga vizuri kwa mikunjo yake ile ile, akaitia kwapani, akasema, "Nitafutieni kamba."

Basi Mwalimu Mkuu aliniandikia onyo kwa kuacha darasa saa za kazi, na miaka yote niliyokaa pale, mnadani, kwenye duka la ushirika, hata msibani, watu walinisalimia, "Mwalimu, mtoto hajambo?" Nilikuwa najibu huku nimekenua meno tu. Miezi ya kwanza hasira hiyo niliilea kama mali.

Baada ya mavuno nikaenda Gendabi. Nilijiambia naenda kuangalia mbwa, lakini nilijua ninakwenda kuomba radhi na sikujua nitaombaje. Martina alinipokea vizuri, shikamoo yangu akaiitikia, akaniwekea kigoda, akanipa maziwa ya mgando. Mbwa alikuwa amenenepa, amekuwa mkubwa, na bado hana akili hata chembe. Alikimbia kuzunguka boma mpaka kuku wote wakapanda juu ya ghala.

Nikamwambia, "Mama, ile barua yangu, nisamehe."

"Siyo wewe," akasema. "Ni mimi nilitembea usiku kucha na furaha, nikafika nimeshamchagulia jina."

Kwa kutaka tu kuzungumza, kwa kutojua kunyamaza, nikamwuliza, "Basi ndilo ulilompa huyu?"

Martina akamwangalia yule mbwa, akamwangalia kwa wema kabisa, akatikisa kichwa. "Huyu namwita Mbwa," akasema. "Lile jina siwezi kumpa."

Hasira yangu yote, ya stoo ya majembe, ya mgambo, ya mtoto hajambo, ikakosa pa kukaa. Nilimaliza maziwa nikarudisha kibuyu kwa mikono miwili. Na tangu siku hiyo sijaandika barua ya kusomewa watu bila kwanza kumsomea mtu mmoja asiyejua nazungumzia nini, nikamwuliza amesikia nini.