Mkono Uliotoka Upande wa Ukuta

Sikulazimishi uniamini. Nakuomba tu usome mpaka mwisho, kwa sababu mimi ni fundi gari, mtu wa kushika vitu, na hiki nilikishika kwa mkono wangu wa kulia, gerejini kwangu Kirumba, jioni moja ya mvua.

Mwalimu mmoja wa Buswelu, nimwite Koku, aliniletea gari macho yamevimba. Mama yake alikuwa amefariki asubuhi ile kijijini kwao Kagera, na maziko yalikuwa kesho yake saa nane mchana. Mabasi yalishaondoka, kwa hiyo alitaka kuendesha mwenyewe usiku kucha. Nikapima oili: nzito kama lami! Kwa safari ile injini ingemfia njiani, na mama angezikwa hayupo. Akaenda dukani kununua oili mpya, nami nikaingia uvunguni kumwaga ya zamani.

Nati ya kumwagia oili ikagoma. Ngoja nikueleze, si jambo gumu. Nati ile ina pembe sita, na fundi aliyenitangulia alikuwa ameziparua hadi zikaanza kuwa duara. Boksi spana yangu, ile inayoivaa nati kama kofia, ilikuwa namba kumi na nne, namba yenyewe kabisa. Lakini kila nikivuta, inateleza. Nikagonga kwa nyundo, nikavuta, inateleza.

Nikasikia mtu upande wangu wa kulia, nilikosukumia sanduku la spana. Nikaona pindo la kitenge na mkono wa kizee. Nikajua ni ndugu aliyekuja na Koku.

"Shikamoo mama. Hebu nipe kumi na nne nyingine humo."

"Marahaba, mwanangu. Namba sizijui mie. Lete hiyo yako niipapase."

Nikacheka moyoni, nikampa. Ndivyo tulivyozoea gereji: wa chini ananyoosha kiganja, wa juu anaweka chombo, hamtazamani usoni. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. Vyuma vikalia sandukuni, kimoja kimoja, bila haraka.

"Yako ina meno mengi ndani. Meno mengi hayang'ati. Shika hii."

Ilikuwa boksi kuukuu niliyoisahau kabisa. Namba ile ile, ila ndani ina pembe sita tu, inaikumbatia nati pande zote badala ya kudandia ncha. Nikavuta mara moja. Nati ikalegea, oili nyeusi ikaturukia mikononi sote wawili.

"Basi," akasema. "Mwambie asikimbize gari."

Koku aliporudi nilikuwa nimeshatoka uvunguni, natabasamu. "Dada, yule mama uliyekuja naye ananishinda ufundi!"

"Mama yupi, fundi? Nimekuja peke yangu."

Nikamweleza: hajui namba, anapapasa. Dumu la oili likamponyoka. Mama yake alikuwa kipofu miaka mingi. Kahawa, maharage, vyote alichambua kwa vidole.

"Alisimama wapi?" akauliza.

Nikanyoosha kidole, na hapo ndipo nilipogundua. Upande ule gari lilikuwa limebanana na ukuta. Hata paka asingepita. Mtu angesimama wapi, niambie?

Koku aliwahi maziko. Akanipigia simu, akanisimulia. Wamama walioosha mwili walivisafisha vidole vyote asubuhi ile aliyofariki. Jioni ile ile niliyokuwa uvunguni, walipomfunua kumvika, vya mkono wa kulia vilikuwa vyeusi, vinanuka oili ya gari.

Siku hizi siegeshi gari la mteja karibu na ukuta. Nawe unayejifunza kazi hii, usife moyo nati ikigoma, wala usiipige nyundo. Tafuta boksi ya pembe sita, itafunguka. Lakini mkono ukikunyooshea chombo, uliza kwanza ni wa nani. Mimi sikuuliza. Mpaka leo, nikilala chini ya gari na kufungua kiganja, kuna vidole vya baridi vinakipapasa kwanza, polepole, kabla fundi mwenzangu hajaniwekea spana.