Kisasi cha Digna kwa Mdunga Sindano wa Malinyi

Evod aliugua malaria akiwa mtoto kule Malinyi. Adolf, mwenye duka la dawa, akamdunga kwinini kwenye tako bila kujali sindano inaingilia wapi. Ikagusa mshipa wa fahamu. Malaria iliisha, lakini mguu wa kulia ukanyauka. Baba alipokwenda kulalamika, Adolf alisema, "Mshukuru Mungu yu hai."

Digna, dada yake Evod, alilisikia jibu hilo. Lilimkaa kooni.

Alisoma kwa hasira. Mwaka 1995 alikuwa mkemia kwenye maabara moja ya Dar es Salaam, akitengeneza chembe za mafuta ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Kila moja ilibeba dawa ndani yake, iifikishe kwenye ini, malaria inakojificha mwanzoni, isisambae mwilini ovyo. Chembe zilikuwa zikishikana na kuwa mabonge kama maziwa yaliyoganda. Wenzake walikata tamaa. Yeye, kila alipomwaga chupa iliyoharibika, alimwona Adolf akicheka, akaanza upya. Hatimaye zikatulia. Walipompasua panya waliyemdunga chembe hizo, dawa ilikuwa imejaa kwenye ini. Kwingine kidogo tu.

Ndipo akaomba likizo, akarudi Malinyi.

Siku ya gulio, alimwambia Evod amsindikize dukani kwa Adolf, bila kumweleza zaidi. Adolf, sasa mwenye mvi, alikuwa ameshika sindano. Mtoto alikuwa amelazwa mapajani mwa mama yake. Digna hakumwamkia.

"Mama, mwinue mwanao. Tazama kazi ya huyu bwana." Akainama, akaipandisha suruali ya Evod hadi juu ya goti. Watu wa gulio wakajaa mlangoni.

Wiki ile bwana afya alilifunga duka. Adolf akaja nyumbani kwao. "Binti yangu, nisamehe. Nitaishije?"

"Lima mpunga. Miguu yako yote ni mizima."

Jioni Evod hakugusa chakula. "Siku nyingine uniulize kwanza kabla ya kunifunua mguu mbele za watu."

"Nilikuwa nakulipia kisasi."

"Ulikuwa unajilipia mwenyewe. Na mafuriko yakikata barabara ya hospitali, wagonjwa wataenda kwa nani? Chembe zako ziko tayari?"

"Bado ni za panya."

Evod akachukua fimbo yake, akatoka. Digna alijua mdogo wake amesema kweli. Hata hivyo alivuta sahani, akala wali na kambale mpaka akashiba, na usingizi ukamjia mapema.