Insha Niliyoiandika Mara Mbili

Mwaka 2018 nilikuwa na kazi mbili na darasa moja, na ni darasa lililokuwa likinitoa jasho. Asubuhi nilimhudumia mzee mmoja wa Garland, Texas, aliyefiwa na mkewe, ambaye magoti yake hayakumruhusu tena kukaa peke yake. Ijumaa jioni na Jumamosi kutwa nilikuwa jikoni katika mkahawa wa Kithai kule Carrollton, nikikata mboga na kusugua masufuria. Katikati ya hayo nilisoma somo la jamii katika chuo kidogo cha serikali, kwa kuwa bila kulipita somo hilo shule ya uuguzi isingenipokea. Na mimi nilikuwa nimeshaamua kuwa muuguzi. Niliamua nikiwa bado karani wa shule kule Busia, kabla hata sijapata viza. Watu waliponiambia kwamba mwanamke wa miaka thelathini na minne amechelewa kuanza, niliwaitikia kwa adabu kisha nikaendelea na shughuli zangu.

Mwalimu wetu alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini na kalamu isiyo na huruma. Alitupa kazi ya kuandika insha: tuchague jamii mbili za watu ambao wazee wao walihamia nchi hii, tulinganishe kazi zao, makazi yao, elimu yao na mahali walipofikia. Wenzangu walikwenda kutafuta jamii zao kwenye mtandao. Mimi sikuwa na haja. Mzee wa Garland alikuwa wa ukoo wa Wapolandi, na mwenye mkahawa alikuwa Mthai. Nikaona nimerahisishiwa kazi.

Mzee aliishi katika nyumba ya matofali aliyomaliza kuilipia zamani, yenye mti wa kokwa za pekani uliojaza ua majani kila mwaka. Alifanya kazi miaka yake yote katika kiwanda cha vipuri vya ndege, hakusoma zaidi ya sekondari, na pensheni yake iliingia kila mwezi bila yeye kunyanyua simu. Binti yake alikuwa wakili. Kipolandi alichobaki nacho kilikuwa sala moja, matusi mawili, na neno alilomwitia babu yake.

"Jaja wangu alikuwa na mikono kama koleo," aliniambia siku moja nikikunja shuka.

Niliacha shuka. "Umesema jaja?"

"Jaja. Babu. Sote tulimwita hivyo."

"Kwetu mpakani, jirani zetu Waganda nao humwita babu jaja."

Alicheka mpaka akakohoa. "Basi mimi na wewe ni ndugu, binti, na mshahara wako niupunguze."

Mwenye mkahawa tulimwita Pa. Aliniambia kwamba kwao neno hilo ni dada mkubwa wa mama au wa baba, nami nikafurahi, maana ndiye mama mkubwa wa kwetu, yule mwenye haki ya kukugombeza hata mbele ya wageni. Pa alikuwa na umri wa kupumzika lakini hakupumzika. Alisimama mbele ya moto tangu asubuhi, kitambaa kichwani, akionja kila sufuria kwa kijiko kilekile cha bati. Binti yake alikuwa mfamasia na kijana wake mhandisi. Jumapili alikwenda hekaluni kwao, na huko pia alipika.

Insha yangu ya kwanza niliimaliza haraka na kwa kujiamini. Niliandika kwamba Wapolandi wamefanikiwa kuliko Wathai, na ushahidi ni huu: yule ana nyumba, pensheni na jioni tulivu, na huyu bado anaungua mikono na mafuta. Nikaongeza kwamba siri ya Wapolandi ni umoja na kazi. Niliona imekaa vizuri sana.

Mwalimu aliniita baada ya kipindi, akaiweka insha mezani ikiwa imejaa wino mwekundu.

"Huyu mzee wako alihamia Marekani lini?"

"Hakuhamia. Amezaliwa hapa."

"Baba yake je?"

"Naye alizaliwa hapa."

"Na mama wa mkahawa?"

"Alikuja mwenyewe, mtu mzima."

"Basi umemlinganisha mjukuu na babu," alisema. "Halafu unamlaumu babu kwa kuwa bado hana wajukuu." Alinisogezea karatasi zangu. "Nakupa nafasi ya kuandika tena. Safari hii usitazame tu. Uliza."

Nilitoka nikiwa nimekasirika, na nilikasirika zaidi kwa sababu alisema kweli. Ndani ya gari nilimpigia dada yangu mkubwa, aliyekuwa akiishi mtaa wa Alief, Houston, na kufanya kazi ya usaidizi katika wodi za hospitali.

"Nafikiria ku-drop hili somo," nilimwambia. "Nitalirudia mwakani."

"Mwakani utakuwa na sababu nyingine."

"Dada, nimechoka."

"Nani hajachoka? Hapa Alief kuna mtu hajachoka? Mwalimu amekupa nafasi ya pili, na wewe unatafuta mlango wa kutokea. Nenda uandike. Halafu uniambie uta-apply lini shule ya uuguzi ya huku, chumba kipo."

Akakata simu kabla sijamjibu. Ndivyo alivyo. Nilikaa kidogo nikitazama magari yakitoka kwenye maegesho, kisha nikawasha langu nikaenda kazini.

Wazo la kuwakutanisha lilitoka kwa mzee mwenyewe. Nilipomweleza yaliyonipata, alisema hajawahi kula chakula cha Kithai maishani mwake na hajatoka nyumbani, zaidi ya kanisani na kwa daktari, tangu mkewe alipozikwa. Binti yake alikubali. Jumamosi moja nikaomba ruhusa kwa Pa, nikamleta mzee mchana, saa ile ambayo wateja wa chakula cha mchana wameondoka na wa jioni bado. Nilimshusha polepole, fimbo mkono mmoja, mkono mwingine begani kwangu.

Pa alikuwa ameketi kwenye meza ya pembeni akichambua majani ya mrehani. Alimpikia mzee wali na kuku, bila pilipili, akamtazama akila kama mtahini. Mzee alimaliza sahani, akafuta mdomo, kisha bila kuombwa akavuta kifungu cha mrehani akaanza kuchambua naye. Nami nikaanza kuuliza maswali yangu.

"Familia yangu ilikuja hapa mikono mitupu," mzee alisema. "Hakuna aliyetusaidia."

Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo mara nyingi. Aliyasema bila ubaya, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa ukutani kwao.

"Babu yako alipofika, alijua Kiingereza?" Pa akamuuliza.

"Hakukijua mpaka anaingia kaburini."

"Na kazi alipata?"

"Palepale. Machinjioni, kule kaskazini. Kazi mbaya sana. Ilimla vidole viwili."

"Lakini walimchukua."

"Walimchukua. Walikuwa wanataka mikono."

"Mimi walinitaka cheti," Pa alisema. "Kwetu nilikuwa nafundisha kemia, sekondari. Nikawaonyesha cheti. Wakasema hiki hatukitambui, anza upya. Nilikuwa na watoto wawili wadogo na mume anayesoma. Nikaanza kupika. Watoto wangu wamesomea hapa, kwenye meza hii."

Mzee alichambua jani moja kwa muda mrefu kuliko lilivyohitaji.

"Baba yangu alilikata jina letu la ukoo," alisema. "Lilikuwa refu, wasimamizi hawakuliweza. Akabakiza nusu. Baada ya hapo ndipo walipompandisha cheo."

"Hata mimi nilichukua jina la Kizungu," Pa akasema. "Wateja walilisikia, wakanitazama usoni, wakaniuliza natoka wapi."

Mzee alicheka, kisha kicheko kikamwishia njiani. Aliweka mikono yake juu ya meza. "Kuna jambo jingine. Baba aliporudi kutoka vitani, serikali ilimdhamini mkopo wa nyumba. Bila ile nyumba mimi nisingekuwa na hii yangu. Hilo huwa silisemi."

"Kwa nini?" nikauliza.

"Kwa sababu linaharibu hadithi."

Sikujua nitazame wapi. Nilidhani Pa atasema neno la kumshinda, lakini alisogeza bakuli la majani katikati yao ili mzee asinyooshe mkono mbali.

"Babu yako alipoteza vidole," alimwambia. "Hilo usiliondoe kwenye hadithi. Ongeza tu na lile jingine."

Nilimuuliza mzee kuhusu Wapolandi wanaokuja siku hizi. Alifikiri kidogo, akanitajia mama mmoja wa kanisani kwao ambaye kule kwao alifundisha piano na hapa anasafisha nyumba za watu. Anaimba misa vizuri kuliko wote, alisema, na hakuna anayempa kazi nyingine kwa sababu ya Kiingereza chake. Wakati huohuo mpishi wa pili, Mthai aliyekuwa amefika miaka michache tu nyuma na kupanga nyumba moja na wenzake watatu, alichungulia kutoka jikoni.

"Mnaandika habari za Wathai?" aliuliza. "Na mimi niandike. Usije ukaandika wafamasia peke yao."

Hapo ndipo nilipoiona insha yangu. Watu wawili walikula kutoka sufuria moja katika mkahawa ule, binti wa Pa na mpishi wa pili. Ukiwajumlisha na kugawanya, unapata Mthai wa katikati ambaye haishi popote. Na yule mwalimu wa piano alikuwa karibu zaidi na Pa kuliko na mzee aliyesali naye kanisa moja. Swali la nani alijitahidi zaidi halikunifikisha mbali, kwa kuwa wote walikuwa wamejitahidi. Ilinibidi niulize waliingia mwaka gani, mlango upi ulikuwa wazi mwaka ule, na walioshika mlango walikuwa wanamtafuta nani.

Niliiandika upya kwa wiki nzima, nikiamka alfajiri kabla ya kwenda Garland. Niliandika kwamba Wapolandi wengi wa Texas hawahesabiwi tena kama wageni, na kwamba hiyo yenyewe ni mali. Niliandika kwamba watoto wengi wa Wathai wa hekaluni, kama Pa alivyonisimulia, wamesoma sana, na kwamba shahada ya mtoto haimwondoi mama jikoni. Nilimtaja mpishi wa pili kama alivyotaka. Mwalimu aliirudisha ikiwa na wino kidogo tu. Chini kabisa alikuwa ameandika, "Sasa umeuliza." Somo nikalipita.

Kuhusu mimi mwenyewe sikuandika neno, ila niliwaza sana. Mimi pia nilikuwa nimefika na cheti kisichotambuliwa. Mimi sikuwa na kiwanda kilichotaka mikono yangu kwa pensheni, wala uso ambao mtu angesahau kuuliza unatoka wapi. Lakini nilikuwa nimejua kitu kimoja kwa hakika: mlango uliokuwa wazi mwaka wangu ulikuwa uuguzi. Nchi hii ilikuwa inawatafuta wauguzi, na nilikuwa na nguvu za kutosha kupita kabla haujafungwa. Nili-apply Houston.

Nilihama mwaka 2019. Mzee alinipa kopo la pekani alizozimenya mwenyewe na akaniambia nisome kwa bidii, sisi watu wa jaja hatushindwi. Pa hakunipa hotuba. Alinifungia chakula cha safari kiasi cha kulisha Alief nzima, akasema, "Usianzishe mkahawa."

Katika Alief nililala chumba kimoja na watoto wa dada yangu, niliowasemesha Kiswahili wakanijibu kwa Kiingereza. Nilisoma mchana, na wikendi nikawahudumia wazee majumbani. Kanisa letu lilikuwa limejaa Warundi waliotoka kambi za wakimbizi, watu wa kazi za maghala na hoteli, na baada ya misa akina mama walikuwa wakiniuliza kwa Kiswahili chao cha Kigoma masomo yamefika wapi, kana kwamba ni safari tuliyopanda pamoja.

Kisha ukaja mwaka 2020, na milango ikafungwa kila mahali. Nilimpigia mzee: pensheni yake iliingia kama kawaida, na binti yake alikuwa akiendesha kesi kwa kompyuta akiwa kwenye meza ya chakula. Nilimpigia Pa: kijana wake anafanya kazi nyumbani, binti yake yuko kwenye duka la dawa nyuma ya kioo, ukumbi wa mkahawa umefungwa, na yeye na mumewe wanauza chakula dirishani. Mpishi wa pili alikuwa amekwenda kufanya kazi kwenye ghala la Garland, na mama wa piano nyumba alizokuwa akisafisha hazikumwita tena. Insha yangu ilikuwa ikiendelea kujiandika bila mimi, na haikunifurahisha kuwa nilikuwa sahihi.

Na mimi, mazoezi yetu ya hospitalini yalisimamishwa ikiwa imebaki kidogo tu nimalize. Wengine darasani walikata tamaa. Mimi niliendelea na wazee wangu, barakoa usoni, na nilisoma kwenye gari nje ya nyumba zao nikisubiri zamu, kwa kuwa kwetu watoto walikuwa wamejaza kila kiti na masomo yao ya mtandaoni. Mazoezi yaliporudi nilirudi siku ya kwanza. Mtihani wa leseni niliufanya na nikapita, na dada yangu alipiga vigelegele mpaka jirani Mvietnam akatoka kuuliza kuna nini.

Asubuhi ya zamu yangu ya kwanza kama muuguzi alinipeleka dada. Tulipofika nilibaki nimekaa garini, mkono kwenye mkanda wa kiti.

"Unasali?" aliniuliza.

"Kidogo."

"Basi malizia ukitembea," alisema, akafungua mlango wa upande wangu. "Wagonjwa wanakungoja."