Mchanga wa Ndoo Nyekundu

Nakumbuka Jumamosi moja, jua limesimama juu ya Kamembe, mimi napanda kilima kwenda bweni la chuo na resho mpya, jiko dogo la umeme, ndani ya mfuko, nikijiona mkubwa kuliko walimu wote wa pale. Mwanangu, niliacha shule darasa la nne, hilo nalisema bila haya. Lakini nilikuwa na vidole. Redio iliyokufa niliifufua, pasi iliyoungua niliirudisha kazini, na hii ghorofa unayoiona pembeni ya soko, wanafunzi wamepanga juu, duka langu liko chini, haikujengwa na diploma ya mtu. Nikijisifu kidogo univumilie. Kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Resho zangu za umeme zilikuwa na jina. Nilifinyanga udongo wa Nyakarenzo, nikachora juu yake mfereji unaozunguka kama konokono, nikalaza humo waya wa kupasha moto ambao nilikuwa navuka daraja kuufuata Bukavu. Unachomeka ukutani, waya unaiva, maharage yanachemka. Wanafunzi wa bweni walizipenda kuliko vitabu. Mlangoni palibandikwa tangazo: kupika chumbani marufuku. Mdogo wangu Amani, aliyekuwa akisoma pale kwa jasho langu, ndiye aliyenisomea. Nikamjibu, "Karatasi haijaivisha maharage hata siku moja." Chumba kizima kikacheka, na mimi nikauza.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Udongo mtupu hupasuka ukishika moto, unataka kuchanganywa na mchanga. Na pale bwenini, kwenye korido, zilitundikwa ndoo tatu nyekundu zimejaa mchanga mkavu, umechekechwa vizuri. Kwa nini nishuke mpaka mtoni? Kila nilipoleta resho, niliondoka na mchanga. Mlinzi wa bweni, Mzee Hemedi, aliyevaa funguo zote shingoni kwa kamba, alizikuta ndoo tupu, akauliza, "Hawa batoto banakula mchanga?" Kisha akashuka mwenyewe kuzijaza. Nami nilimwamkia kwa adabu zote, mchanga wake uko mfukoni mwangu.

Jumamosi hiyo nilimkuta Amani chumbani kwake amekaanga sambaza. Nilishamwonya: pika maharage, pika viazi, lakini hawa samaki wadogo wa ziwa letu hawafichiki, harufu yao hutangulia kubisha hodi. Mara tukasikia funguo zinalia kwenye ngazi.

"Sukuma resho chini ya kitanda," nikamwambia. "Mzee atapita tu."

"Iko bado moto, kaka."

"Resho nimeitengeneza mimi. Sukuma."

Akasukuma, na kwa haraka ile hakuna kati yetu aliyechomoa waya. Mzee Hemedi akachungulia, akanusa, akatutazama mmoja mmoja. "Nani anapika hapa?" Amani akafunua daftari. "Sawa. Bote inje, nibahesabu."

Hiyo ilikuwa desturi yake ya kila Jumamosi, kuwatoa wote uani na kuwahesabu. Vijana walimcheka, wakalia kama mbuzi nyuma yake. Yeye alijibu jibu lilelile: "Lieni tu. Siku ya moto nitajua nani amebaki ndani."

Hajamaliza kuhesabu, moshi ukatoka kwenye dirisha la Amani, moshi mweusi wa matela, godoro la sponji. "Daftari zangu," Amani akasema. Mtihani ulikuwa Jumatatu. Kabla sijamshika shati, alikuwa ameshaingia.

Nilipanda ngazi nyuma yake sijui nakanyaga wapi. Nikashika ndoo ya kwanza, ikanijia mkononi nyepesi. Ya pili, nyepesi. Mwanangu, niliijua mikono iliyozimaliza. Kijana mmoja akaja mbio na beseni la maji, Mzee Hemedi akamzuia kwa kifua. "Hapana maji kwanza. Nikate kuranti." Akavuta swichi kubwa ya ngazini. "Fundi, shika ile ya mwisho. Nimeijaza leo asubuhi."

Ilikuwa nzito. Nimebeba vitu vingi vya thamani maishani mwangu, hakuna uzito ulionifurahisha kama ule.

Mzee akainama mlangoni, akaita ndani ya moshi: "Amani, lala chini, tambaa. Hewa iko chini. Acha bitabu." Akaita tena. Kikasikika kikohozi, kisha vidole vikatokea kwenye kizingiti. Nikamvuta kwa mikono yote miwili mpaka korido. Mzee akaitwaa ndoo, akamwaga mchanga pale moto ulipokuwa unalamba matela, na kwa kuwa kuranti ilishakatwa, mabeseni ya maji yakamalizia.

Amani alipoteza kope na daftari mbili, basi. Niliketi kwenye ngazi, nacheka huku machozi yanatoka. Uani, Mzee Hemedi akahesabu upya, pole pole, na hakuna aliyelia kama mbuzi. "Bametimia," akasema.

Kisha akanijia na kipande cha resho yangu iliyopasuka. Akakikwangua kwa ukucha, akatazama chembe. "Mchanga huu naujua. Niliuchekecha mimi." Nikainamisha kichwa. Hakupaza sauti. "Fundi, umeuzia batoto ya benyewe moto, kisha ukaondoka na dawa yake." Hakunishitaki popote. Alinipa ndoo, na kila Jumamosi nilizijaza mpaka Amani alipomaliza masomo. Leo ni mwalimu, na kope zimeota zamani.

Kwa hiyo wewe unayefunga sanduku kwenda bwenini, chukua hili la mtu asiye na diploma. Usipike chumbani, jiko la pamoja lipo, nenda ukapige foleni na wenzako. Na kama ulishakosea, usifiche. Sisi tulipikia pale mwaka mzima, tukaunguza kwa kuficha, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Chomoa waya unapotoka. Maji na umeme usivikutanishe. Jua mlango wa pili uko wapi kabla hujajua nani mzuri ghorofa ya chini. Moshi ukikuzidi, tambaa. Ukishatoka, usirudi, hata kama umeacha mtihani mzima mezani. Na wakikuita kuhesabiwa, toka bila kununa.

Kwenye ghorofa yangu ndoo nyekundu zipo kila korido. Nina wafanyakazi, lakini mchanga wa Jumamosi naubeba mimi.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe usingizi usio na moshi na mlango usiokwama, na kila watakapohesabu, uwe umetimia.