Kitabu Nilichokataa Kukisifia

Nilikuwa kidato cha tatu huko Ikungi wakati mwalimu wetu wa fasihi aliponichagua niiwakilishe shule kwenye mashindano ya usomaji mjini Singida. Shule zote zilipewa kitabu kimoja: riwaya ya zamani, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, ya wanaume waliopanda chombo cha chuma hadi sayari ya mbali. Mwalimu aliipenda tangu ujana wake. Aliponikabidhi nakala yake, ambayo jalada lake lilikuwa limeshonwa kwa uzi, niliona anavyoiachia kwa shida.

Sitasema uongo, ilinishika. Kule kupaa, kule kuishiwa hewa, lile jua jekundu wanaloliamkia asubuhi ya kwanza. Niliunguza mboga kwa sababu yake. Mama akasema kama kitabu kinaniziba masikio kiasi hicho, basi na yeye nimsimulie.

Nyumbani tunaongea Kinyaturu, kwa hiyo nilimsimulia kwa Kinyaturu huku tukipiga alizeti kwa fimbo uani. Nilienda vizuri hadi wasafiri wanapotua kando ya ziwa na kukuta kuna watu. Mama akauliza wenyeji walisemaje walipoona wageni wanashuka kutoka juu. Nikatafuta kichwani, nikakuta hawasemi kitu. Wanapiga mayowe, wanakimbia, wengine wanapigwa risasi, waliobaki wanabebeshwa mizigo. Kisha kiongozi wa msafara analipatia ziwa jina la mke wake, na mlima anaupa jina lake mwenyewe.

"Watu wazima hawawezi kupokea wageni kimya kimya," mama alisema. "Wape maneno."

Nikawapa. Nilibuni mzee anayewauliza wageni ni wa ukoo gani, na mwanamke anayekataa kubeba sanduku la mtu asiyemsalimia. Mama alicheka hadi akaweka fimbo chini. Lakini kesho yake niliporudi kitabuni, ule ukimya ulinikera. Nilikuwa nimewapenda wale wasafiri. Sasa nikawa nawasoma kwa hasira.

Nilimweleza mwalimu. Alinisikiliza, akasema vitabu vya zamani husomwa kwa macho ya zamani, na kwamba majaji wanataka sifa za kitabu, si malalamiko. Tukaandaa maelezo ya kusifu ubunifu wa mwandishi, nikayashika kichwani.

Siku ya mashindano upepo kutoka ziwa lililo kando ya mji ulikuwa ukibamiza madirisha ya ukumbi. Wanafunzi walionitangulia walisema jambo moja kwa sauti tofauti: kazi hii haina mfano. Niliposimama nilianza kama tulivyopanga. Nilisifia safari, na sifa zile zilikuwa za kweli. Nilipofika kwenye ziwa la kitabuni nikasema kwamba ziwa lile lilikuwa na jina kabla wageni hawajafika, na mwandishi hakujali kuliuliza. Nikasema mtu aliyeweza kubuni chombo cha kuruka hadi sayari nyingine hakushindwa kubuni sentensi moja ya mwenyeji. Hakutaka tu.

Jaji mkuu, mama mmoja aliyestaafu ualimu, alivua miwani.

"Binti, kitabu hiki kimesomwa dunia nzima kabla wewe hujazaliwa. Wewe ni nani wa kukikosoa?"

"Shikamoo mama," nikasema. "Na mimi nimekisoma."

Hatukupata nafasi yoyote. Kwenye basi la kurudi Ikungi mwalimu alikaa kiti cha mbele na hakugeuka. Jumatatu alinisimamisha mbele ya darasa, akanitaka niombe radhi. Nilimwomba radhi kwa kubadilisha mpango bila kumwambia. Akasubiri niendelee. Nilimtazama kwa heshima yote niliyofundishwa nyumbani, na sikuongeza neno. Wenzangu waliangalia madawati yao. Mwishowe akaniambia nikae.

Nafasi yangu alipewa rafiki yangu mmoja wa darasani, na mwaka uliofuata akashinda kwa kusifia kitabu kingine. Nilimpigia makofi, maana alisema vizuri na aliamini alichokisema. Wenzangu waliniambia mshindi ningekuwa mimi kama ningefunga mdomo. Labda. Sikutaka zawadi ya namna hiyo, na hata leo siitaki.

Mwaka jana nilikutana na mwalimu siku ya gulio, amebeba kuku wawili kichwa chini. Nikamwamkia, akaitikia, akanitazama sana.

"Bado una maneno yako yale?"

"Bado, mwalimu."

"Na mimi bado nakipenda kitabu changu," akasema.

Nikamwambia hata mimi nakipenda, na hiyo ndiyo sababu sikukaa kimya. Akatikisa kichwa kama mtu anayesikia jambo asilotaka kulikubali. Akaniuliza habari za mama, nikamwuliza za kwake, tukaagana.